Ukili Uliosukwa Mbichi

Ipo siku moja ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu, nayo ni siku niliyoupima ukili wangu wa mkeka kwa vidole, nikaukuta upana umepungua, nikamtazama ndugu yangu Zuhura na kusema moyoni: huyu mwizi. Sikuwa na shahidi. Nilikuwa na vidole vyangu tu, na vidole vyangu niliviamini kuliko binadamu yeyote pale Kiegeani.

Kabla sijaendelea nikwambie jambo ambalo pengine umeshalijua. Mimi ni mtu wa kushuku. Marehemu mama alikuwa akisema hata ziwa lake nilikuwa nalitazama kwanza ndipo ninyonye. Mtu akiniamkia kwa furaha nyingi najiuliza anataka nini. Nikiletewa sahani iliyofunikwa, naifunua kabla sijasema ahsante. Hata wewe ulipokuja juzi ukasema, "Shikamoo bibi, nimekuja kukuona tu," nilijua lipo jambo, na kweli lilikuwepo.

Uliniambia umejitahidi. Umeamka alfajiri, umefunga Jumatatu na Alhamisi, umeacha kusengenya, na umemsikiliza kwenye simu yule kijana mwenye kilemba anayesema siku arobaini zinamtosha mtu kuwa mtu mwengine. Siku arobaini zimekwisha na hasira zako ziko pale pale. Mwenzako mliyeanza naye, ulisema, uso umemng'aa, na wewe umebaki vile vile. Kisha ukaniuliza kwa sauti ndogo kama nadhani Mungu amekufungia mlango.

Sikukujibu siku ile. Nilijifanya naangalia maharage jikoni. Yule kijana wa kwenye simu simjui, huenda ni mtu mwema, ingawa kwangu anatabasamu mno. Lakini swali lako nalijua. Nilikuwa nalo nikiwa na miaka kumi na sita, ila mimi sikumuuliza mtu. Nilijijibu mwenyewe, na hapo ndipo nilipoharibu.

Wakati ule nilikuwa nasoma chuoni kwa Bi Saada. Chuo chenyewe kilikuwa ni ukumbi wa nyumba yake, wasichana tisa au kumi, kila mmoja na msahafu wake. Bi Saada macho yake yalikuwa yameshaanza kuingia kiza, kwa hiyo alitusomesha kwa masikio. Ukikosea herufi moja huku amekupa mgongo anachambua mchele, anasema "rudia" bila kugeuka. Na kwa sababu hakupenda kuona mikono ya mtu imelala, tukimaliza kusoma alitufundisha kusuka ukili, ule utepe mrefu wa ukindu, majani ya mkindu, unaoshonwa kuzunguka mpaka ukawa mkeka.

Chuo kile kilikuwa na ada yake. Msichana akiukamilisha msahafu, hakhitimishwi mpaka awe na mkeka aliousuka kwa mkono wake. Siku ya khitima yake anautandika mbele ya wanawake wa mji, anaukalia, anasoma sura za mwisho, udi unafukizwa, anaombewa dua, halua inaliwa. Mkeka anaondoka nao. Mpaka leo ukiingia nyumba za watu wazima kule, utaona mkeka umekunjwa juu ya kabati na hauguswi na mtoto.

Mimi ndiye niliyekuwa wa siku nyingi pale. Zuhura, binti wa mama yangu mdogo, aliingia miaka miwili nyuma yangu, na nilimfundisha mimi mwenyewe kushika ubao. Basi akaanza kunikaribia. Leo kurasa mbili, kesho mbili, na mimi niko kwenye nusu ukurasa, narudia. Nikimaliza kusoma nauliza, "Niendelee, Mwalimu?" Bi Saada ananijibu neno moja. "Bado."

Ubaya wangu ulikuwa kukimbilia mwisho. Nilikuwa nameza herufi, pa kuvuta sivuti, pa kutua situi, nataka nifike. Hilo nalisema leo. Wakati ule niliona sisomi vibaya hata kidogo, naonewa. Nikaanza kukusanya ushahidi. Zuhura amekalishwa karibu na mlango penye mwanga. Zuhura ametumwa dukani kununua sukari, mimi nimetumwa kuchota maji. Zuhura akikosea, Mwalimu anakohoa tu; nikikosea mimi, anasema "rudia". Siku moja nilipita karibu na kisima nikasikia mwanamke mmoja akimwambia mwenzake, "Yule mkubwa ni mzito, mdogo ndiye aliyepewa." Hawakunitaja jina, lakini nani mwengine? Neno lile "mzito" lilinichoma mpaka nikamwaga ndoo nzima nikarudi kisimani tena.

Hofu yangu ilikuwa moja tu: Zuhura akhitimu kabla yangu, na mimi nikae kati ya wanawake wale wale nikila halua yake. Na chini ya hofu hiyo palikuwa na nyingine ambayo sikumwambia mtu. Nilidhani Mwenyezi Mungu mwenyewe ananisikia nikisoma na kusema kama Mwalimu, bado, akamgeukia Zuhura.

Nikaamua kwamba kama kwenye kusoma nazuiwa, kwenye mkeka nitatangulia. Mkeka ukiwa tayari, Mwalimu ataona aibu kuniweka.

Ukindu tuliukata siku moja, mimi na Zuhura, tukauchana pamoja na kuuanika uani kwa Bi Saada. Baada ya siku chache nikauliza kama tuanze. Akaja, akachukua ukindu mmoja, akaukunja karibu na sikio. Ukindu uliokauka sawasawa unalia ukiukunja. Ule haukulia.

"Bado," akasema. "Uacheni wiki nyengine."

Zuhura akasema ndiyo Mwalimu, akaenda zake. Mimi nikabaki nimesimama. Wiki nyengine ya nini, na jua kali vile? Nikahesabu: wiki moja, na Zuhura kwa mwendo wake wa kurasa mbili, atakuwa ameshanifikia. Basi nikaona nimeigundua njama yote. Fungu langu nikalipeleka nyumbani kwa kisingizio kwamba uani kwetu kuna jua zaidi, na siku ile ile nikaanza kusuka.

Nilisuka siku nne mfululizo. Ukili ulitoka mpana, laini, vidole vinne kamili, tena ni wangu mimi ambaye ni mzito. Asubuhi ya kuupeleka niliuweka juani makusudi upate moto kwa juu. Na unajua ukindu hulowekwa kidogo kabla ya kusukwa, kwa hiyo ulaini wake haukunifichua. Bi Saada aliupapasa.

"Mwanaidi, ukindu huu ulikauka?"

"Ulikauka, Mwalimu."

"Haya. Utundike."

Tulikuwa na vigingi ukutani, kila mtu na chake. Nikautundika. Nikaingiwa na wasiwasi, si kwa sababu nimesema uongo, bali kwa sababu alikubali upesi. Nilijiuliza anapanga nini.

Wiki ile ile bibi yetu mzaa mama, aliyekuwa akikaa kisiwa cha Chole, alianguka akaumia nyonga. Nikatumwa kwenda kumuuguza, nikavuka kutoka Utende na kikapu changu, na moyo wangu nikauacha ukutani kwa Bi Saada. Kule Chole nilikaa karibu mwezi. Namkanda bibi, namlisha uji, na kila nikikaa namwona Zuhura peke yake kwenye ukumbi ule na ukili wangu.

Niliporudi, kabla hata sijamwamkia mtu sawasawa, nikaenda kigingini. Nikaweka vidole. Vitatu! Nikapima pengine, vitatu na kitu. Na msuko wenyewe ulikuwa na mianya midogo midogo ambayo haikuwepo. Kwenye kigingi cha pili ulitundikwa ukili wa Zuhura, ameusuka mimi nikiwa Chole. Nikaupima. Vidole vinne kamili.

Akaingia Zuhura, akanikumbatia. "Dada, umerudi! Bibi hajambo? Nimekuwekea visheti." Akanipa visheti vimefungwa kwenye karatasi. Visheti! Mtu hakuwekei visheti mwezi mzima bila sababu, nikasema. Hiki ni kifunga mdomo. Ameubadili ukili wangu, ameweka wake huu mbovu, sasa ananilisha sukari nisitazame.

Ngoja nikwambie kitu ambacho kila msukaji anakijua. Kila mtu ana mkono wake. Mimi huvuta zaidi kushoto, ukingo wa kushoto wa ukili wangu unanyanyuka kidogo. Zuhura mkono wake umelala sawa pande zote. Ningetazama ukingo tu ningejua ukili upi ni wa nani. Sikutazama, au nilitazama nikasema ameniiga. Katika watu wote niliowashuku mwaka ule, mimi mwenyewe sikuwamo.

Ijumaa chuo hakuna. Mchana, wanaume wako msikitini, Bi Saada yuko jikoni nyuma anapika, niliingia ukumbini kama niliyesahau kitu. Nikautoa ukili wa Zuhura kwenye kigingi chake nikautia chini ya kanga, na ule wenye mianya nikautundika pake. Nilitoka nimeinua kichwa. Kwa akili yangu nilikuwa nimerudishiwa haki.

Jumamosi nilikaa pembeni namtazama kwa chini ya mtandio. Zuhura akaenda kigingini. Akaushika ukili, akaupitisha mkononi kidogo, akasimama. Kisha akageuka akanitazama, mara moja tu, akaurudisha, akakaa chini akafungua msahafu wake. Hakusema neno. Na mimi, mwanangu, unajua nilisemaje? Nilisema, mwenye haki angepiga kelele. Amenyamaza kwa kuwa anajua alichokifanya. Kunyamaza kwake ndiko kulikonihakikishia.

Hivyo ndivyo shuku inavyokula mtu. Angelia, ningesema anaigiza. Angenikabili, ningesema mwizi hujihami. Hapakuwa na kitu chochote ambacho yule mtoto angeweza kukifanya nikamwona hana hatia.

Miezi ikapita. Nilishona mkeka nyumbani, ukatoka mzuri mpaka mama akaita majirani. Lakini katika kusoma niko pale pale, tena nimezidi kuwa mbaya, maana nikisoma jicho moja liko kwa Zuhura. Hatimaye Bi Saada akatangaza kwamba Zuhura amekamilisha, khitima yake ni baada ya mwezi mtukufu.

Wanawake walijaa ukumbini baada ya alasiri, udi umeshawashwa. Zuhura akatandika mkeka wake. Alikuwa ameushona kwa uangalifu kabisa, uzi wake umenyooka, lakini ukili ule ulikuwa umezidi kukauka na kujikunja, na sakafu ilionekana kwa chini. Nikasikia mmoja nyuma yangu, "Msomaji hodari, mkeka chekeche." Wakacheka kwa kujizuia. Zuhura alisikia, maana niliona akiuvuta mtandio wake mbele. Akakaa juu ya chekeche ile, akaanza kusoma.

Sauti yake haikutetemeka. Alivuta pa kuvuta, akatua pa kutua. Nilikuja pale nimejiandaa kufurahi, na furaha haikuja. Ukingo wa kushoto wa ukili wa mkeka ule ulikuwa umenyanyuka kidogo, mstari mzima, duara baada ya duara, na mimi nilikuwa nimekaa karibu mno kuweza kujidanganya. Halua niliipokea nikaiweka ndani ya kiganja mpaka ikayeyuka.

Ungedhani hapo nilikwenda kuomba radhi. Wapi! Wiki ya pili nilimpelekea Bi Saada mkeka wangu, nikasema, "Mwalimu, wangu pia uko tayari." Nilisema labda nimeona vibaya. Nilisema hata kama ni kweli, keshakhitimu, imekwisha.

Tulikuwa wawili tu, asubuhi, uani. Akautandaza magotini, akaupitisha kiganja polepole kutoka katikati mpaka ukingoni.

"Mkono wa nani huu?"

"Wangu, Mwalimu."

Akaniomba nimletee ukindu mkavu kutoka darini, akaniambia nisuke urefu wa shubiri moja hapo hapo mbele yake. Nikasuka. Mkono wa msukaji haujifichi. Akachukua kile kipande akakiweka juu ya mkeka, akashika kidole changu akakipitisha kwenye ukingo wa kushoto wa kipande, kisha wa ukili wa mkeka. Wa kipande unapanda, wa mkeka umelala.

"Nimeibiwa ukili wangu, Mwalimu," nikasema, na machozi yananitoka. "Ulikuwa vidole vinne. Niliporudi Chole ulikuwa vitatu. Nilichukua kilicho changu."

"Ulikuwa mbichi," akasema. "Uliusuka mbichi, ukakauka ukutani, ukapungua. Hakuna aliyeugusa."

Nilijua ni kweli, nilijua tangu siku ya khitima, na huenda tangu siku ya visheti. Kisha ile tabia yangu ikanyanyuka tena hata ndani ya kilio, nikamgeuzia kesi. "Mbona hukunizuia? Wewe uliushika!"

"Nilikuuliza kama ulikauka. Ukaniambia ulikauka. Nikakuamini."

Ningependa angenipiga. Mwaka mzima nilikuwa namhesabia yule mama kila kikohozi, na yeye neno langu moja alilichukua bila kulipima. Nilijifunika uso kwa kanga nikalia kwa sauti. Aliniacha nilie. Aliendelea kuukunja mkeka, na alipomaliza ndipo aliposema.

"Wewe Mwanaidi, kila nikikwambia bado, unasikia hapana. Nani amekwambia hapana? Nikitaka kukwambia hapana silijui neno lake? Ningekwambia hapana ungekuwa nyumbani kwenu tangu mwaka juzi. Mtu akikuuliza umeolewa, unamjibuje?"

"Bado."

"Unalia ukimjibu?"

"Silii."

"Kwa nini hulii?"

Nikamuuliza swali la kijinga, kwa sababu nilitaka aseme kitu kingine chochote. Nikamuuliza, "Na wewe Mwalimu, ulikhitimu ukiwa na umri gani?"

"Msahafu? Nilikuwa mdogo kuliko wewe." Akasimama kwa kushika goti. "Mimi mwenyewe, bado. Nina hasira kuliko nyinyi nyote. Leo asubuhi nimemrushia kuku mwiko. Nenda kwa ndugu yako."

Nilikwenda na mkeka begani, njia nzima naona watu wote wananitazama. Zuhura alikuwa anafua. Nikautua mbele yake, nikasema lile nililolitenda kuanzia mwanzo mpaka mwisho, hata la visheti. Hakuacha kufua mpaka nilipomaliza.

"Nilijua," akasema. "Siku ile ile. Mkono wangu naujua, dada, na wako naujua."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ningesema, ungetolewa chuoni. Kisha nani angekaa na mimi?" Akakamua shuka kwa nguvu. "Usidhani nilikuwa malaika. Nilikuchukia. Mwezi mzima nilikuwa nikikuona natamani uteleze kisimani. Na siku waliyocheka, nililia usiku kucha. Ila nilipokaa kusoma niliona, huu umesukwa na mtu mwenye wasiwasi sana, na huyo mtu ni dada yangu. Nikasoma juu yake."

Tukabadilishana mikeka. Alichukua wake, nami nikarudi na chekeche yangu. Na sikufichi: nilikaa miaka na miaka naushuku msamaha wa Zuhura. Kila alipoleta chakula nilijiuliza kama leo ndiyo siku atakayonilipa. Hajanilipa mpaka sasa. Wiki iliyopita alikuja na vitumbua, nikavihesabu mbele yake, akacheka mpaka akakohoa.

Nilirudi kwa Bi Saada nikaanza nyuma, juzuu tano nyuma, kwa kutaka mwenyewe. Neno "bado" alinijibu mara nyingi kuliko zamani. Tofauti ni kwamba sasa nilikuwa nauliza, "Bado wapi, Mwalimu?" na yeye ananionyesha. Zamani sikuwahi kuuliza. Ilinichukua miaka miwili na ushee. Wasichana walioingia nyuma ya Zuhura nao walinipita, wakakhitimishwa, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwapakulia wageni wao halua. Siku nyengine iliniuma, siku nyengine sikuona kitu.

Ilipofika zamu yangu nilikuwa nimeshausuka ukili mwengine, mkavu, mzuri, mkeka wake umekamilika. Bi Saada akaniuliza nitakalia upi. Nilifikiri usiku na mchana. Siku yenyewe, wanawake wamejaa, Zuhura amekaa mbele akiwa na mimba yake ya kwanza, nikaleta ile chekeche nikaitandika. Minong'ono ikaanza. Nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni: "Mkeka huu mnaukumbuka. Mliucheka siku ya Zuhura. Ukili wake niliusuka mimi, niliusuka mbichi kwa papara, kisha nikamwibia Zuhura wake nikamwachia huu. Ni mkono wangu. Nitasoma juu ya huu."

Mama yangu alitazama chini. Nikakaa, nikausikia ubaridi wa sakafu kupitia kwenye mianya, nikaanza kusoma taratibu. Nilikosea mahali pamoja. Bi Saada akasema "rudia", mbele ya wote, nikarudia, nikaendelea. Nilipomaliza, wa kwanza kupiga kigelegele alikuwa yule yule aliyesema chekeche. Kwa muda mfupi, mwanangu, sikumshuku mtu yeyote.

Basi hilo ndilo jibu langu, sasa nikuwekee wazi usije ukaenda kulishuku. Ulipoona hasira zako ziko pale pale baada ya siku arobaini, ulisikia hapana. Hakuna aliyesema hapana. Mwenzako aliyeng'aa uso humjui usiku wake, wala hujui alianza kuanikwa lini. Mwache na nuru yake, mle nyote visheti. Na wewe usiulazimishe moyo wako uonekane umekauka kwa kuuweka juani asubuhi ya kuonyesha watu. Utapungua ukiwa ukutani, na utakapopungua utamtafuta mwizi. Ukikwama, uliza umekwama wapi, uliza kwa mtu anayekupenda, na akikuonyesha urudie bila kujitukana. Tabia yako ya kupanda upande mmoja huenda hutaiacha mpaka unaingia kaburini. Ijue tu, iite kwa jina, uikalie mbele ya Mola wako kama ilivyo. Mimi yangu naijua. Jana nimemshuku paka.

Ile chekeche ninayo. Ndiyo ninayoswalia, usiniulize kwa nini sitandiki ule mkeka mzuri ulioninunulia Kilindoni. Njoo Ijumaa tuswali pamoja, ukindu nimeshauanika, nitakufundisha kuusikiliza.

Mwenyezi Mungu akupe moyo usiochoka kurudia. Akupe mwalimu anayekuamini na ndugu anayekujua mkono. Akufunike aibu zako mpaka utakapokuwa na nguvu ya kuzitandika mwenyewe. Akuweke mpaka uzeeke kuliko mimi, na siku mtoto wa mtu atakapokuuliza kama umefika, umjibu hali unacheka: bado.